Haki ya Mwenye Upungufu Mdogo

Misiba ya wanadamu hailingani kwa uzito wala kwa sura. Iko inayoonekana na kila mwenye macho, na iko inayojificha hata mwenye kupatikana nayo asijue aiitaje. Kipofu hushikwa mkono avuke barabara; asiyeweza kutembea hubebwa; na mgonjwa aliyelala kitandani hutembelewa na majirani. Lakini mtoto ambaye herufi humpotea machoni, ambaye alilojifunza asubuhi huwa limemtoka kabla ya jioni, hashikwi mkono na mtu. Huambiwa kuwa ni mvivu. Ana miguu, ana macho, ana ulimi wa kusema; hucheza mpira na wenzake, na akitumwa dukani huenda akarudi na chenji kamili. Basi watu hushindwa kuona anapungukiwa na nini, na kwa kuwa hawaoni, husema kuwa hapungukiwi na kitu.

Insha hii yataka kuuliza mtoto wa namna hiyo anadai nini kwa jamaa zake, kwa jirani zake na kwa serikali yake. Na kama kumsaidia kwahitaji fedha, fedha hiyo itoke wapi, na itolewe kwa haki gani? Swali hili si la wazee na wakubwa peke yao. Hapana darasa katika nchi hii lisilo na mtoto mmoja au wawili wa namna hiyo, na yamkini msomaji anamjua wake kwa jina.

Kwanza yafaa tuelewe jambo lenyewe. Uzito mdogo wa kujifunza si wazimu, wala si upumbavu. Mtoto mmoja husoma kwa taabu lakini huhesabu upesi kuliko wenzake. Wa pili husimulia hadithi ndefu bila kukosea, lakini akipewa kalamu aiandike hadithi hiyohiyo mkono wake hukwama. Wa tatu huelewa kila kitu, ila kwa mwendo wa pole, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kumngoja. Mara nyingine kinachoitwa uzito wa akili ni udhaifu wa macho au masikio ambao hapana mtu aliyeupima. Watoto hawa wote wana sifa moja: wakipewa msaada wa kadiri, kwa wakati wake, wengi wao hufika, na wakiachwa, hubaki nyuma zaidi kila mwaka. Umbali uliokuwa hatua moja katika gredi ya pili huwa maili nzima katika gredi ya saba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui methali nyingine iliyo ya kweli zaidi kwa mtoto huyu.

Msaada huo, ingawa ni wa kadiri, hauji bure. Ni kweli kwamba tangu mwezi wa Januari mwaka wa 2003 karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa katika Kenya, na siku zile serikali ilianza kutoa shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na watoto wengi waliokuwa wakishinda mashambani na barabarani waliingia darasani. Lakini fedha ile ilikadiriwa kwa mtoto wa kawaida mwenye mwendo wa kawaida. Mtoto mzito wa kujifunza ahitaji zaidi: apimwe macho na masikio, apelekwe kwa watu waliofunzwa kazi ya kuchunguza mahitaji ya watoto, apate mwalimu wa kumrudia somo, na pengine apate kitabu cha maandishi makubwa au vifaa vya kuhesabia. Kila moja katika haya lina nauli yake, malipo yake, au siku ya kazi ambayo mzazi ataipoteza. Kwa tajiri ni gharama ndogo. Kwa mwenye kipato cha kutwa, siku moja iliyopotea ni chakula cha jioni kilichokosekana.

Basi mzazi maskini atabisha mlango gani? Tuitazame milango iliyopo. Mwaka wa 2011 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kutoa fedha kwa nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali. Mpango huo umo katika mfuko unaojulikana kwa jina la Inua Jamii, na posho yake imekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Uliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kujilisha wala kujisafisha, ambaye lazima awe na mwangalizi usiku na mchana, hata mwangalizi huyo asiweze kwenda kazini. Ni mpango wa haki, na mtoto tunayemzungumza hamo ndani yake. Yeye hujilisha, hujivika, na hutembea kwenda shule.

Mlango wa pili ni basari. Uko mfuko wa maendeleo ya maeneo ya bunge, ulioanzishwa mwaka wa 2003, na iko mifuko mingine ya kaunti na ya mashirika. Fedha za mifuko hii zimewasomesha vijana wengi maskini. Lakini kwa sababu shule ya msingi haina karo, basari humngojea zaidi mwanafunzi katika shule ya sekondari na katika chuo, na aghalabu wafadhili hutazama alama alizopata. Msaada huu umewekwa juu ya ngazi, na mtoto huyu amekwama katika kidato cha chini. Hawezi kuufikia mpaka asaidiwe kwanza.

Mlango wa tatu ni harambee. Tangu mwaka wa 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipoliita taifa changa kwa neno hilo, watu wa Kenya wamejenga shule na zahanati, na wamelipa gharama za hospitali na za mazishi, kwa michango ya mkono kwa mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo harambee huitikia misiba yenye kishindo: mgonjwa wa kupelekwa ng'ambo, maiti ya kusafirishwa, kijana aliyeitwa chuo kikuu. Ni nani aliyepata kupokea kadi ya mchango kwa ajili ya mtoto wa gredi ya nne asiyeweza kusoma sentensi moja?

Hivyo mtoto mwenye upungufu mdogo husimama mahali pagumu. Ni mzima mno kwa wenye kuhurumia, na ni dhaifu mno kwa wenye kushindana. Hapo ndipo lilipo swali la maadili, na kwa kuliona vizuri tupige mfano.

Tuseme yuko mama auzaye mboga katika soko la Kongowea, mjini Mombasa, na mwanawe wa miaka 11 hajui kusoma ila majina mafupi. Amekwenda kuuliza msaada, akaambiwa kwa upole kwamba fedha ni ya wenye ulemavu mkali. Jioni jirani yake amwambia, "Dada, safari nyingine usiseme kuwa anajua kuoga. Sema hulishwa na huvishwa. Nani atakuja kuchungulia?" Mama arudi nyumbani akiwa na mawazo mawili. La kwanza lamwambia kuwa uongo ni dhambi. La pili lamwambia kuwa shilingi 2,000 zingemlipa mwalimu wa jioni, na kwamba mama anayeacha kufanya awezalo kwa mwanawe naye ana dhambi yake. Afanye nini?

Wapo watakaosema aseme uongo, kwa kuwa sheria isiyomwona mtoto wake haistahili kweli yake. Neno hili lina nguvu, wala halifai kudharauliwa na mtu aliyeshiba. Lakini lina makosa mawili. Kosa la kwanza ni kwamba fedha ya umma si bahari, ni mtungi. Akichota mmoja asiyestahili, yuko aliyestahili atakayeukuta mtupu, na huenda aliyestahili ni mama mwingine mtaa wa pili ambaye mwanawe kwa kweli hulishwa na huvishwa. Maskini aliyedhulumiwa na sheria humdhulumu maskini mwenziwe asiyemjua. Kosa la pili lamhusu mtoto mwenyewe. Karatasi ikishaandikwa kwamba hawezi, haikai ofisini ikanyamaza. Mtoto atasikia akielezwa mbele ya wageni kuwa ni mtu asiyeweza kitu, na atafundishwa kuinamisha kichwa na kufunga kinywa siku ya kukaguliwa. Yeye ambaye hitaji lake kubwa lilikuwa kuambiwa kuwa anaweza, nyumba yake yenyewe itamfunza kuonyesha kuwa hawezi. Hiyo ni bei kubwa kuliko shilingi 2,000.

Kwa hiyo uongo ule haufai. Lakini mwenye haki ya kumhukumu mama yule ni nani? Mlango unaofunguliwa kwa kilio peke yake huwafundisha watu kulia. Ikiwa sheria hutoa msaada kwa msiba mkuu na hainyoshi hata kidole kwa msiba mdogo, basi sheria hiyo yenyewe yawavuta watu waukuze msiba wao. Aliyeweka mlango namna hiyo ana sehemu yake katika lawama, na sisi tuliomchagua tuna sehemu yetu.

Jambo hili halikuzuka Kenya peke yake, wala si balaa la nchi maskini tu. Katika Marekani, mwaka wa 1990, Mahakama Kuu iliamua katika shauri la Sullivan na Zebley kwamba mtoto wa nyumba maskini aombewaye posho ya ulemavu asipimwe kwa orodha ya maradhi pekee, bali atazamwe yeye mwenyewe, ili ijulikane ni kwa kadiri gani anashindwa kufanya yafanywayo na watoto wa umri wake. Watoto wengi wenye uzito wa kujifunza wakaingia katika posho. Mara yakazuka malalamiko kwamba wazazi walikuwa wakiwafundisha watoto wao kujifanya wajinga. Uchunguzi wa serikali haukupata ushahidi wa kutosha kuwa hila hiyo ilikuwa imeenea, lakini shaka ilikwisha kupandwa. Na mwaka wa 1996 ilipitishwa sheria mpya iliyotaka upungufu wa mtoto uwe mkubwa na mkali. Tazama jinsi nchi yenye mali nyingi ilivyoyumba: ilifungua mlango, ikaogopa, ikaurudisha. Mali peke yake haikulimaliza swali.

Sasa tuzisikilize hoja za wanaosema kuwa mtoto huyu hana dai lolote. Hoja ya kwanza ni ya uhaba. Wasema kuwa fedha ni kidogo, na lazima aliyezama aokolewe kabla ya aliyelowa miguu. Hoja hii ni kweli, lakini si kweli nzima. Ni sawa kabisa mwenye haja kubwa atangulie; ila kutangulia kwa mmoja si kufukuzwa kwa mwingine. Tena haja mbili hizi si za namna moja. Mwenye ulemavu mkali ahitaji fedha ya kila mwezi, labda maisha yake yote. Mwenye upungufu mdogo aweza kuhitaji miwani mara moja, mwalimu kwa miaka miwili, na muda wa ziada katika mtihani. Anachodai ni kidogo kwa kuwa upungufu wake ni mdogo. Kumnyima kwa hoja ya uhaba ni kama kumnyima mwenye kiu kikombe kimoja kwa sababu mwenye shamba ataka pipa.

Zaidi ya hayo, ukubwa wa maumivu si kipimo pekee cha haki. Kipo kipimo cha pili, nacho ni hasara itakayozuiliwa. Daktari humtangulia aliye mahututi, lakini hamwachi mwenye kidonda kidogo mpaka kioze ndipo aseme, "Sasa umestahili." Mtoto asiyejua kusoma leo atakuwa mtu mzima asiyeweza kusoma mkataba wa kazi, wala maandishi ya chupa ya dawa, wala karatasi ya kura. Jamii iliyokataa kutoa kidogo mapema itatoa kingi baadaye, na itakitoa kwa manung'uniko.

Hoja ya pili yasema kuwa mzazi ndiye mwenye mtoto, basi abebe mzigo wake. Hapana anayekana wajibu wa mzazi. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Tulipime neno hilo, lazima. Mzazi asiyempeleka mtoto shule aweza kushtakiwa. Serikali, basi, yamwita mtoto kwa nguvu ya sheria na kumkalisha darasani kwa miaka mingi. Anayemlazimisha mtu kusafiri naye hawezi kumwacha njiani kwa sababu mwendo wake ni wa pole. Tena Kifungu cha 54 chasema kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata shule na vifaa vya elimu pamoja na watu wengine, kwa kadiri inavyomfaa, wala hakisemi kwamba haki hiyo ni ya wenye ulemavu mkali tu. Dai la mtoto huyu si sadaka. Ni deni lililokiriwa kwa maandishi.

Hoja ya tatu ni ya heshima. Wapo wazazi, tena wema, wasemao, "Mwanangu si mlemavu, simtaki aandikwe popote." Hawa wapaswa kusikilizwa kwa upole, maana wanalinda kitu chema. Lakini jina jingine hubandikwa mtoto anapokosa jina la kweli, nalo ni mjinga. Mtoto apaswa kuambiwa ukweli ulio sawa na kimo chake: kuwa katika jambo fulani ana uzito, kuwa uzito huo una njia ya kusaidiwa, na kuwa katika mambo mengine yu sawa na wenzake au amewapita. Uongo wa kumkuza msiba na uongo wa kuuficha ni ndugu wawili. Wote wamnyima mtoto msaada umfaao.

Njia ya kweli, basi, ipo wapi? Haiko mbali kama watu wadhanivyo. Tangu mwaka wa 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa katika Kenya vituo vya kupima mahitaji ya elimu ya watoto na kuwashauri wazazi na walimu. Na mwaka wa 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, jijini Nairobi, kwa ajili ya kuwafunza walimu wa kazi hiyo. Mwaka wa 2018 serikali ilitoa sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, inayotaka mtoto apimwe mapema na asome pamoja na wenziwe. Mama wa Kongowea aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha apime macho na masikio ya mwanawe, kisha amfikishe kituoni na kutoka na maandishi ya kweli yanayosema mtoto ahitaji nini, si mtoto ni nani. Kwa maandishi hayo aweza kuibana shule impe mtoto wake haki yake, na aweza kuwaendea wenye mifuko ya msaada, au kanisa, au msikiti, au chama chake cha akiba, akaomba kitu chenye jina na bei: miwani hii, mwalimu huyu, nauli hii. Ombi la kweli lenye kipimo huaminiwa kuliko kilio kisicho na mwisho.

Kwa upande wao, wenye kuamua juu ya fedha ya umma wana kazi ya kuuweka mlango mdogo kando ya mlango mkubwa. Nauli ya kwenda kituoni ilipwe. Shule yenye watoto wa namna hii iongezewe fedha ya mwalimu. Na basari isiwangoje walio juu ya ngazi tu. Msaada wa namna hii hauhitaji kumpa mtu posho ya maisha, wala haumwiti mtu aseme uongo, maana hapana atakayeghushi ugumu wa kusoma ili apate saa moja zaidi ya kufundishwa.

Yabaki sehemu yetu tulio darasani. Hatuna mifuko ya fedha, lakini tuna kitu ambacho hapana kamati iwezayo kukitoa. Mwenzetu anaposimama kusoma na maneno yakamkwama, kicheko chetu humwongezea upungufu ambao hakuzaliwa nao. Na saa moja ya jioni tunayokaa naye kumrudia somo ni mchango wa harambee usioandikwa katika kadi yoyote. Taifa huonyesha utu wake kwa jinsi limtendeavyo aliyeanguka kabisa, na hilo limesemwa mara nyingi. Nathubutu kuongeza kwamba huonyesha akili yake kwa jinsi limtendeavyo anayeyumba, ambaye bado hajaanguka, na ambaye mkono mmoja tu ungetosha kumshika.